Gurudumu la Ndani

Hewa inayotoka kwenye gurudumu la lori ina harufu yake. Ni ya baridi, ina mpira wa zamani na kitu kama chumba kilichofungwa muda mrefu. Ninyi mliokulia Lubumbashi wakati mmoja nami mmeipita mara nyingi bila kuijali, na sina neno nanyi. Mimi ikinipata njiani nasimama. Juzi ilinipata nilipopeleka gari langu kujazwa upepo, na fundi akaniuliza swali ambalo mafundi wote wa kazi hiyo huuliza: "Mama, tutie ngapi?" Nilimkodolea macho mpaka akaona haya, akaamua mwenyewe. Nina watoto waliomaliza shule, nina nywele nyeupe ninazozificha kwa kilemba, na bado siwezi kutaja namba mbele ya gurudumu.

Baba yangu alikuwa kwado. Kwetu ndivyo tunavyomwita anayeziba na kujaza magurudumu. Kazi yake ilikuwa palepale nyumbani, Kasungami, kando ya barabara, na tangazo lake lilikuwa gurudumu la trekta lililopakwa chokaa. Malori yaliyotoka Kasumbalesa yalifika kwetu yakiwa yamechoshwa na foleni za mpakani, madereva wana usingizi na hasira, na Baba aliwapokea wote kwa sauti ileile ya polepole. Maji ya betri yalikuwa yamemrukia machoni kabla sijazaliwa. Hayakumpofusha, ila aliona dunia kama mtu anayechungulia katikati ya moshi wa makaa.

Kwa hiyo alifanya kazi kwa masikio. Alikuwa na nyundo ndogo ya mpini mfupi. Alilizunguka lori, akagonga kila gurudumu mara moja, akainamisha kichwa, akangoja. Lililojaa lililia kama mlango mzuri. Lililolegea lililia kama gunia la unga. Mimi, katika akili zangu za miaka saba, niliona ni mtu anayepiga hodi, na nikaamini kwamba ndani ya gurudumu kuna mtu anayemjibu. Siku moja nilimuuliza ni nani anayekaa mule.

"Ni upepo tu," alisema akicheka. "Lakini ukimugonga, anakuambia kweli. Marto haisemaka bongo, mutoto wangu." Marto kwetu ni nyundo, na bongo ni uongo.

Wateja hawakutosheka na masikio yake siku zote. Wenye malori makubwa walitaka namba. Basi nilipojua kusoma, Baba alitoa sandukuni kipimo cha upepo, manometa, chenye uso wa kioo na sindano nyekundu, akakiweka mkononi mwangu. Tangu siku hiyo yeye alijaza, mimi nikasoma. "Iko ngapi?" aliuliza, nami nilipiga kelele: "Tano, papa! Tano na nusu! Sita!" Madereva walimtania kwamba kwado ameajiri daktari. Yeye alijibu, "Huyu njo macho yangu," na mimi nilitembea siku nzima kifua mbele kama jogoo. Nasema haya ili mjue kwamba neno langu lilikuwa na uzito pale. Namba niliyoitaja ndiyo iliyokuwa namba.

Tuliishi na mama yake Baba, Kambo Kabange; kambo kwetu ni bibi. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa mgodi, mwembamba, mwenye maneno. Aliniita muke mwenzake, kama bibi wa kwetu wanavyotania wajukuu, na kila asubuhi alinilaumu kwamba nimemwibia bwana. Kiti chake cha kamba kilikuwa karibu na kompresa. Alisema mngurumo wake unamsaidia kusali. Alikuwa pacha, au mapasa kama tunavyosema. Kyungu, dada yake aliyezaliwa dakika chache kabla yake, alibaki Mitwaba siku Kambo alipoolewa na kuletwa mjini. Hawakuonana tena ila mara mbili. Walikuwa wameahidiana jambo moja, na Kambo alilirudia kila alipopata homa: mapasa mmoja hatangulii bila kumuaga mwenzake.

Kisha miguu yake ikavimba na pumzi ikaanza kumpungukia. Akalowesha mkeka mara mbili, akalia kwa aibu, na Mama akaufua. Wiki ileile Kambo alimwita Baba akamwambia ampeleke kwa Kyungu kabla hajachelewa. Parokia ilituma habari kwa fonie, ile redio ya mawasiliano, na jibu likaja siku ya pili: Kyungu ameshahamisha kigoda chake, anakaa barabarani, anangoja.

Hakuna aliyefikiri Kambo angeweza kukaa kwenye kiti cha lori siku tatu. Ngoy, rafiki wa Baba aliyekuwa na lori la kubeba makaa, ndiye aliyetoa wazo. Walijenga nyumba, nyumba kweli, ya mbao na paa la bati, wakaipandisha juu ya lori na kuifunga kwa minyororo. Ilikuwa na kitanda, mbabula, yaani jiko la makaa, ya kuchemshia maji iliyofungwa kwa waya, msumari wa kutundikia rozari, na dirisha lenye pazia la kitenge cha wamama wa kanisa. Watoto wa Kasungami walikuja kuishangaa. Kambo alipandishwa ndani kwa majaribio, akafungua pazia, akatupungia mkono kama mke wa gavana.

Watu wazima waliona rehema. Mimi niliona kitu kingine. Mwaka ule ule jirani yetu alikuwa amefukuza mke. Nilishuhudia godoro lake na vyungu vyake vikipandishwa kwenye lori, mama wa watu ameinamisha uso, na hakurudi tena. Sasa niliona godoro la Kambo linapandishwa. Niliona chungu chake, kile cheusi, kinafuata. Nikakumbuka mkeka uliolowa. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: Kambo amekosa, anafukuzwa, na kule kucheka kwake dirishani ni kujikaza tu. Nilipomuuliza kama anataka kweli kwenda, alinifinya shavu. "Ninataka sana, muke mwenzangu. Bwana nakuachia." Sikumwamini hata kidogo.

Asubuhi ya safari Baba alianza na magurudumu. Ngoy alitaka yapunguzwe upepo.

"Kwado, tuyalegeze kidogo. Mama mifupa inamuuma, na njia ya kule unaijua."

"Hapana," Baba alisema. "Mufuko ya makaa inalala. Nyumba inasimama. Kitu ya kusimama, ukitia mupira mulegevu, inayumba mpaka inakuangusha. Mbele sita. Nyuma saba, yote ine, sawasawa. Mugongo ya mama nitaitafutia matela ingine." Matela ni godoro.

Kisha akanieleza, kama alivyopenda kunieleza kazi. Magurudumu ya nyuma ya lori hukaa mawili mawili, bega kwa bega. Baba aliyaita mapasa. La ndani likilegea, alisema, huwezi kuliona, kwa sababu la nje linalificha na kubeba mzigo wa yote mawili. Hubeba, hubeba, hupata joto, kisha yanakufa yote mawili. Kambo alikuwa kwenye kiti chake akimsikiliza. "Njo vile," alisema. "Njo vile kabisa."

Tulifanya mbele. Tulifanya upande wa kulia. Tulifanya la nje upande wa kushoto. Likabaki moja, la ndani kushoto, na kompresa ilikuwa imeanza kukohoa. Nilijipenyeza chini ya lori, tumbo kwenye vumbi, nikabana kipimo kwenye valvu.

"Iko ngapi?"

"Mbili, papa."

Upepo ukaingia. Nilisikia Kambo akikohoa, na Mama akimuuliza kama amekunywa chai yake.

"Iko ngapi?"

"Tatu."

Nilikuwa nimeona malori mengi yakirudi. Lenye gurudumu legevu halikufika mbali. Lilikwenda kidogo, likarudi likichechemea, dereva akitukana. Hivyo ndivyo nilivyopanga. Lori lingefika kwenye kona, labda sokoni, lingechechemea na kurudi, Kambo angeshuka na godoro lake, na chai ingekuwa bado ya moto.

"Ngapi sasa?"

Sindano ilikuwa kwenye nne. Naiona mpaka leo, nyekundu, inatetemeka kidogo.

"Saba, papa."

"Mbio vile?"

"Saba."

Kompresa ilinyamaza. Baba akaingiza mkono katikati ya magurudumu na nyundo yake, akagonga. Nilikuwa palepale chini, uso wangu karibu na mpira, na nililisikia likilia kama gunia la unga. Baba aliinamisha kichwa. Akagonga tena. Kisha akainama mpaka uso wake wenye macho ya moshi ukanitazama chini ya lori.

"Saba ya kweli?"

"Ya kweli, papa."

Halafu akatabasamu. Ningetoa vyote nilivyo navyo kama asingetabasamu. "Basi," alisema. "Masomo njo masomo. Mimi niko na masikio ya zamani." Akafunga kifuniko cha valvu.

Walipoondoka watu walilia. Mama alilia, majirani walilia, mama mmoja wa kanisa alianzisha wimbo akashindwa kuumaliza. Mimi peke yangu nilikuwa mkavu. Kambo alifungua pazia akaniita karibu. "Unichungie kiti yangu," alisema. Nikamwambia ndiyo, nikacheka, kwa kuwa nilijua atakikalia kabla ya saa sita. Mama aliniona nikicheka na akaniambia sina moyo.

Nilikaa kando ya kiti. Kila injini iliyotoka upande wa sokoni nilisimama. Saa sita ikafika. Chai niliyoifunika kwa sahani ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Jioni Mama akaimwaga. Siku ya pili niliendelea kungoja. Siku ya tatu niliacha kusimama. Njia ya mwongo ni fupi, husema wakubwa. Ya kwangu ilikuwa inaendelea kwenda na Kambo wangu yumo ndani yake, na sikumwambia mtu. Mara mbili nilimfuata Mama jikoni nikiwa na neno mdomoni. Mara mbili alinipa kazi, nikaishukuru kazi.

Lori lilirudi baada ya zaidi ya wiki moja. Nyumba ilikuwa juu yake, imepasuka ubao mmoja, pazia limefungwa. Magurudumu mawili ya nyuma kushoto hayakufanana na mengine. Baba alishuka peke yake, akapita mbele yangu, akaingia ndani. Ngoy ndiye aliyesimulia, watu walipokaa.

Siku ya pili ya safari, wakiwa wameshapita Likasi, pale lami inapokwisha, la ndani lilikufa kimyakimya na la nje likabeba mzigo wote mpaka likapasuka. Nyumba iliinama ikaegemea ukingo wa barabara. Walikuwa na gurudumu moja la akiba, si mawili. Ngoy alirudi kutafuta la pili, kwa mguu na kwa baiskeli za watu, siku nzima na nusu. Baba alibaki na mama yake. Alimgeuzia kitanda ili dirisha litazame upande wa Mitwaba. Kila mara Kambo aliuliza kama wamefika, na Baba alimjibu, "Karibu, mama." Ngoy aliporudi akisukuma gurudumu barabarani, Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba ile, na hakukuwa na haja tena ya haraka.

Walimfikisha hivyo hivyo. Kyungu alikuwa barabarani, kwenye kigoda, siku ya tano. Hakupiga kelele. Ngoy alisema alipanda ngazi mwenyewe, akajilaza kitandani kando ya dada yake, akawaambia wafunge mlango. Hakutoka mpaka kaburi lilipokuwa tayari. Alipotoka aliuliza neno moja tu: ni nini kilichowachelewesha. Na Baba akamjibu kwamba njia ilikuwa mbaya.

Nyumba ile ilishushwa ikawekwa kwenye matofali nyuma ya uwanja wetu. Hakuna aliyekuwa na roho ya kuivunja. Kuku waliingia wakataga chini ya kitanda. Mimi nilipita mbali nayo, kwa sababu mchana, jua likiwa kali na watu wote wamejilaza, ilikuwa inagonga. Mara moja tu. Padri alimweleza Mama kwamba mbao zikipata joto hulia. Sikatai, mbao hulia. Lakini hii iligonga mara moja kisha ikanyamaza kama inayongoja kujibiwa, na nilijua ni mimi inayeniuliza. Nilikua, nikaolewa, nikahamia ng'ambo nyingine ya mji, na hata huko niliisikia.

Baba alifunga kipimo kwenye kitambaa akakirudisha sandukuni. Hakuwahi kuniuliza tena "Iko ngapi?" Alirudia masikio yake. Wenye malori makubwa wakamhama mmoja mmoja, naye hakuwafuata. Alinisomesha, alicheka nami, alikula nilichopika, alinipeleka kanisani siku ya ndoa yangu akiwa ameshika mkono wangu kwa nguvu. Lakini neno lile hakulisema, na mimi niliuchukua ukimya wake kuwa hukumu. Anajua, nilijiambia. Anajua na amenihurumia, na huruma ile ilinichoma kuliko fimbo.

Kiangazi hiki kilichopita aliugua. Macho yalikuwa yamezima kabisa. Nilikwenda kumlisha uji mchana, Mama alikuwa nje anaanika nguo, na nikaona kwamba nikitoka chumbani mle bila kusema sitasema tena duniani.

"Papa," nilisema. "Ile siku ya Kambo. Haikukuwa saba. Ilikuwa ine."

Hakushtuka. Alitafuta mkono wangu juu ya blanketi mpaka akaupata.

"Minajua," alisema. "Nilisikia. Marto iliniambia palepale."

"Sasa juu ya nini uliacha?"

"Nilitaka lori irudie. Kama weye. Nilisema, itafika pale mbele, itakatala, mama yangu atarudia ku nyumba." Alipumzika kidogo. "Ni mimi nilifanya, haina weye. Weye ulikuwa mutoto. Leta uji."

Nilimlisha. Nililia mpaka uji ukapoa, kisha nikaumalizia mwenyewe kwa kuwa yeye alishiba. Sijui kama mmewahi kutuliwa mzigo mlioubeba tangu utotoni. Nililala. Kwa majuma mawili sikusikia kugonga, na nilikuwa nawaimbia watoto wa jirani nyimbo ambazo sikujua bado ninazikumbuka. Halafu Baba akafa, nikamlilia kama watu wanavyolilia baba zao, kwa uchungu safi.

Siku ya tatu ya kilio Ngoy alikuja, mzee sasa, na fimbo. Nilimletea kiti, kile kile cha kamba. Alikaa akiangalia nyumba ya mbao nyuma ya uwanja, kisha akanishika kilemba kama bado nina miaka saba. Alitaka kunifariji, maskini. Mungu ampe maisha marefu.

"Baba yako alikupenda weye," alisema. "Usimusahau. Ku Likasi tulisimama, nikagonga mipira, nikamuambia: kwado, ile ya ndani inalia mubaya, kompresa iko hapa, tuongeze upepo. Yeye pia aligonga. Aligonga mara tatu. Akakatala. Unajua alisema nini?"

Nilimwambia sijui.

"Alisema: 'Ngoy, mutoto wangu alisoma saba.'"

Alicheka kwa upendo, akatikisa kichwa, akaomba chai. Kutoka kwetu mpaka Likasi ni safari ndefu. Mtu anayetaka lori lirudi nyumbani angekuwa ameligeuza zamani, na kule Likasi upepo ulikuwepo, angenyoosha tu mkono. Hakutaka lirudi. Alitaka kumfikisha mama yake kwa Kyungu. Masikio yake yalimwambia kweli, nyundo yake ilimwambia kweli, rafiki yake alimwambia kweli, na akaniamini mimi. Yale aliyoniambia siku ile ya uji aliyatunga ili nipate usingizi, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo.

Nilimpa Ngoy chai yake. Nikapita katikati ya wamama waliokuwa wanaimba, nikaenda nyuma ya uwanja mpaka kwenye nyumba ile ambayo sikuwahi kuigusa. Jua lilikuwa kali. Niligonga ukuta mara moja, nikainamisha kichwa kama yeye, nikangoja.